Hizo Ni Ulcers Tu

...na wala hakuumi hivyo, kungekuwa kunauma angelia, ni kama mtu ameketi katikati ya mabega yake na hataki kuondoka, na sasa kitu hicho kimepanda mpaka kwenye taya, lakini taya ni Shiru, Shiru husuka akivuta kama anayefunga gunia la makaa, kila mtu hapa stage ya matatu ya Kawangware 56 anajua ukitoka kwake hutafuni kitu kigumu mpaka kesho, "Mathe, tulia, unatingiza kichwa," na Filister akatulia, angefanya nini, yuko kwenye kigoda, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya Shiru, upande mmoja umeshasukwa laini nyembamba za kupendeza, upande wa pili bado kichaka, na kesho ni siku ya wazazi shuleni kwa Adhis, binti yake aliyemwambia bila haya, mama usikuje na kile kitambaa cha kichwa, wasichana wananicheka... "Kwani unaskia joto na hii baridi yote?" huyo ni Tracy, anachambua nywele za bandia pale kando, "ama ni zile mambo za wamathe?" wakacheka, Filister naye akacheka, kidogo, pumzi haikutosha, "Ni ulcers," akasema, "sijakula," na Tracy, "Hizo ni ulcers tu, kunywa maziwa baridi zitalala," ulcers, vidonda vya tumbo, hata dada yake Jael alikuwa na ulcers, kule Soweto West, siku kadhaa anashindwa kubeba mtungi wa maji, anatapika, anashika taya akisema ni jino, majirani wakamkorogea magadi, na Jumapili waliporudi kutoka kanisani wakamkuta ameshakwenda, na mpaka kaburini watu walisema ulcers, ilhali Wangila, fundi wa mabati, alishika kifua mara moja pale Makina, wanaume wakambeba mbio wakipiga kelele moyo, moyo, na leo yuko juu ya paa la mtu anapigilia misumari... ina maana wanaume wana moyo, wanawake wana tumbo... nesi yule wa kliniki alisema, siku aliyompima presha, Filister akimsikiliza nusu, nusu nyingine ikiwaza sukuma wiki, alisema kwa mwanamke moyo unaweza kuja na mgongo, na taya, na kichefuchefu, na jasho baridi, na uchovu usioelewa umetoka wapi, usikae kungoja, na dawa ya presha imezwe kila siku hata ukijisikia mzima, na dawa ziko nyumbani kwenye kopo la majani ya chai, huzimeza kichwa kikigonga tu, ukiwa mzima unamalizia nini dawa nzuri, ploti nzima wanafanya hivyo, hata kuazimana wanaazimana... "Bado kidogo, baada ya saa moja hivi tumetoka," Shiru anasema, saa moja, na ukiinuka sasa hivi na nusu kichwa, stage nzima ikutazame, Adhis naye... akajishtukia, yaani anapima nywele na pumzi, na nywele zinashinda, labda Jael naye alilala pale akiona haya kuwatoa watu ibadani... "Shiru, wacha." "Nimevuta? Pole, mathe, nitalegeza," na vidole havikusimama, wamama wote husema wacha, hakuna anayewachwa, Tracy amewasha redio, mtu anacheka redioni, na Filister akanyanyua mkono, ule mwingine ulikuwa mzito, akakishika kifundo cha mkono wa Shiru akakibana, sauti ikamtoka ndogo lakini yake, "Ni moyo. Niitie gari, twende wote, na tukifika huko usimwambie mtu hata mmoja kwamba ni ulcers."