Nepia Juu ya Ufa

Wachuka wa kanisani ndiye aliniletea hayo maneno: eti watu wa bima wakiona ufa kwa ploti yako, wanauchora kwa ramani yao, na hakuna mtu atanunua hiyo ploti tena mpaka ufe. Nilimwambia hayo ni porojo. Lakini nikiosha vyombo, nayasikia. Nikifua, nayasikia.

Sisi tunakaa Lanet. Mvua ya mwaka jana ilifungua ardhi nyuma ya choo, ufa mrefu kuliko nyumba, na chini huoni mwisho. Hiyo nyumba tulijenga miaka tisa, chumba baada ya chumba. Hatuna nyingine. Ndiyo maana niliulizia bima. Wakasema elfu kumi na nne kwa mwaka, lakini kwanza atakuja mtu wa kukagua.

Kosa langu ni kumwambia mume wangu, Makhanu, yale ya Wachuka. Jumamosi nzima alifunika mdomo wa ufa kwa matawi na udongo, akapanda nepia, nyasi ya ng'ombe, juu yake, kisha akaniambia:

"Mama Mitchelle, wewe nyamaza tu. Mimi ndiye nitaongea."

Jumatatu akaja Cheruto, msichana wa bima, na gambuti zake. Akazunguka nyumba, akasimama kwa nepia.

"Mzee, hii nepia mbona imepiga laini kama wanajeshi wa hapo kambini?"

"Mimi napenda usafi."

"Na ng'ombe ako wapi?"

"Anakuja."

"Anatoka wapi?"

"Kitale."

"Kwa miguu?"

Cheruto alicheka. Mimi sikucheka. Niliona nyumba ikizama na sisi tumeshika karatasi ya uongo. Nikasema, "Madam, hapo kuna ufa. Tumeufunika juzi."

Makhanu aliniangalia kama nimeuza shamba la babake.

Cheruto hakukasirika. Alisema ufa ungejulikana tu siku ya hasara, na hatungelipwa hata bati moja, hata tukiwa tumelipia miaka kumi. Ramani ya kuzuia watu kuuza ploti hajawahi kuiona. Bei ikapanda hadi elfu ishirini na tatu, lakini ufa umeandikwa ndani ya bima, mradi tuchimbe mtaro wa kupeleka maji mbali.

Makhanu alinung'unika wiki nzima. Halafu akachimba, na sasa wageni wakija anawaonyesha mtaro kabla ya chai. Ni ghali, sidanganyi. Nguo za Pasaka hatukununua. Lakini Aprili ilinyesha siku tatu mfululizo, na mimi nilikaa jikoni nikimenya viazi, moyo umetulia.

Wewe mwenye nyumba huku kwetu, epuka haya:

Usifukie ufa ukanyamaza.

Usiandike kwa fomu unakaa mtaa mwingine kama Section 58 ili bei ishuke, na kumbe unakaa Lanet.

Usichukue bima ya bei ya chini kabla ya kuuliza kama inalipa ardhi ikifunguka.

Usiache maji ya paa yaingie kwa ufa.

Usiache watoto wacheze juu yake, hata ukiwa umejazwa.