Tangazo Lililojibu Posa

"…ndiyo, nataka! Nataka sasa hivi!"

Na vigelegele vikapasuka uani hata kuku wakatawanyika. Akina mama waliokuwa wakipanga visahani vya halua walijua mambo yameiva, Asmahani kakubali. Kumbe Asmahani hata mdomo hajafungua. Aliyekubali ni simu.

Desturi mnaijua. Baba husimama nje ya pazia na mashahidi wawili, amuulize binti kama ameridhia, na binti akinyamaza, kimya chake ndilo jibu. Shangazi Khadija alikuwa kamfunda tangu asubuhi: nyamaza tu mwanangu, shughuli imekwisha. Lakini Asmahani hakutaka kunyamaza. Bado mwaka mmoja amalize chuo, na kutoka Kigombe zilishafika habari kwamba Ibrahimu, mposaji wa huko, anataka mke wa kukaa dukani kwake harusi ikiisha tu. Alijiapiza atasema. Ila woga ulimwingia, na woga ukimwingia dawa yake ni ule mchezo wa kupanga matunda kwenye simu, maembe matatu yakikutana yanapasuka. Basi akawa anacheza kitandani, ushungi kichwani, huku Mzee Idarusi, baba yake, akimtajia jina la mposaji pale mlangoni.

Ndipo tangazo likaingia. Lile lile la kuzungusha gurudumu ushinde gari, na mwanamke anapiga kelele utadhani kakanyaga kaa la moto. Mwezi mzima limemtesa. Alama ya kulifungia ni ndogo kama chembe ya ulezi, haitokei mpaka sekunde ziishe, na ukiigusa inakupeleka kupakua usichokitaka. Juzi alilivumilia. Jana alilivumilia. Leo limemwozesha.

Shangazi Khadija akamshika mkono, akamnong'oneza aliache lilivyo, maana heri imeshatamkwa. Asmahani akauchomoa mkono, akajitanda kanga vizuri, akafunua pazia.

Wazee watatu wakabaki wanamtazama. Akawaamkia shikamoo, wakaitikia kwa shida.

"Aliyejibu si mimi," akasema. "Ni tangazo."

Mwalimu Abdulghani, shahidi mkubwa, alikataa katakata. Sauti ni ya kike, imetoka chumbani kwa mwali, tena imerudia mara mbili, watu wanataka ushahidi gani tena? Asmahani hakubishana naye. Alimpa simu, akamwonyesha namna ya kusogeza maembe, akamwomba acheze kidogo tu. Mwalimu akavaa miwani. Akapanga embe, akapanga nanasi, akaanza na kutabasamu, mara:

"Ndiyo, nataka! Nataka sasa hivi!"

Uani vigelegele mara ya pili. Mwalimu akahangaika kutafuta pa kufungia, kidole kikiikimbiza ile alama pembe hadi pembe. Alipoigusa, simu ikamuuliza kama yuko tayari kupakua. Shahidi wa pili alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Idarusi, chukua simu ya mwanao," akasema Mwalimu. "Hata mimi linataka kuniozesha."

Mzee Idarusi hakucheka. Alimtazama binti yake kama ndiyo kwanza anamwona.

"Haya, wewe mwenyewe wasemaje?"

Nyuma ya pazia Shangazi akakohoa, kile kikohozi cha nyamaza.

"Nasema vigelegele vile si vyangu," Asmahani akajibu. "Ibrahimu aitwe, aulizwe mbele yenu kama nitamaliza chuo. Simkatai wala simkubali kabla sijamsikia. Na nikinyamaza leo, baba, kimya changu msikihesabu."

Akaipokea simu, akakibonyeza kile kijipicha cha mchezo kwa nguvu, akaufuta pale pale mbele yao, pamoja na hatua zake mia tatu na kumi alizozihangaikia tangu Ramadhani. Ilimuuma, wallahi. Lakini kitu cha kumsemea tena ndani ya nyumba ya baba yake hakukiachia nafasi.

Mwalimu akavua miwani, akauliza kwa sauti ya chini, sasa halua iliwe au irudishwe?

"Iliwe," akasema Asmahani. "Yaliyobaki nitayasema kesho, Ibrahimu akishakaa hapa, kwa mdomo huu huu."

Akashusha pazia.