Aliyesimama Katikati

Mimi ndiye niliyemshika dada yangu mabega nikamsogeza katikati. Hakuna mwingine. Yeye alikuwa amesimama pembeni, mama alikuwa katikati, na picha ilikuwa mbaya. Basi nikawabadilisha, nikarudi kwenye kamera yangu nimeridhika kabisa.

Ilikuwa Aprili ya mwaka 1957, kwenye magofu ya ngome juu ya mji wetu, siku ambayo miti yote ya mcheri ilikuwa imechanua. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kamera niliyoitolea jasho miaka minne katika kiwanda cha nyuzi za hariri. Nilijiona mtu. Gazeti la wapiga picha nililisoma kila mwezi mpaka kurasa zinalegea, na mwaka ule lilikuwa limetangaza shindano la picha za maua. Nilitaka kushinda kuliko nilivyotaka mume.

Shida ya maua ya mcheri katika filamu nyeusi na nyeupe wanaijua waliojaribu. Ule wekundu hafifu unaowaliza watu haumo tena. Linabaki ua jeupe mbele ya anga jeupe, maana kwetu msimu huo mawingu hutanda kutwa. Unapiga mti mzima uliochanua, unasafisha filamu, unakuta kama mtu amemwaga uji. Unachohitaji ni kitu cheusi nyuma ya ua. Siku ile kitu hicho kilikuwa dada yangu Kinuko, aliyevaa kimono cha buluu iliyokoza. Mama alivaa cha kijivu. Mume wa Kinuko, shemeji Iwao, alikuwa na koti la kijivu vilevile, maskini, na alisimama popote alipoambiwa.

Sasa, kwetu watu watatu hawapigwi picha hivi hivi. Anayekaa katikati hutangulia kufa. Wakiwa watatu, humwita mpita njia ajiunge nao, au hushika mwanasesere awe wa nne. Mama alijua watakuwa watatu mbele ya kamera, kwa hiyo alikuja na mwanasesere wa mbao ndani ya kifurushi cha chakula, pamoja na matonge ya wali na figili za kuchachua. Alipomtoa nilimcheka. Nikamwambia hilo dude litaniharibia picha, majaji watatuona washamba wa milimani. Akasema sisi ni washamba wa milimani. Halafu akamrudisha, akaenda kusimama katikati yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye mzee.

Nami nikamtoa.

Hakukubali papo hapo. Alisema nimwache, mahali pale ni pake. Nikamjibu kwamba kimono chake kinafanana na mawingu. Kinuko ndiye aliyemaliza ubishi wetu, akicheka.

"Nenda pembeni, mama. Mimi sijala chumvi ya kutosha kufa."

Mama akamtazama Kinuko, akanitazama mimi, akasogea. Nikabonyeza.

Picha ilishika nafasi ya pili. Gazeti lilifika Agosti, na maua yalikuwa yameng'aa juu ya bega la Kinuko, ungeweza kuyahesabu moja moja. Iwao alilipeleka kazini likapita mikononi mwa watu wote. Kinuko, tumbo limeshakuwa kubwa, alisema hata mtoto ametoka gazetini. Mama hakulifungua.

Novemba Kinuko akafa kwa uzazi, na mtoto pamoja naye. Mkunga alipotoka chumbani alikuwa anafuta mikono tu.

Mazishini hutakiwa picha ya uso wa marehemu. Ile ya harusi haikufaa, alikuwa amepakwa poda nyeupe hata hajulikani. Ilibaki yangu. Nikaingia kwenye kabati la magodoro nililoziba mwanga kwa blanketi, nikaukuza uso wake mpaka ukajaa karatasi. Uso ulipojitokeza ndani ya dawa ya kusafishia picha alikuwa bado anacheka, na bega la mama lilikuwa limeingia ukingoni. Nililifuta kwa wino. Nililia humo ndani, taulo mdomoni ili nisisikike, na nilijua kwamba nimemuua dada yangu.

Mama akaninyamazia. Si kununa kwa siku mbili tatu. Miaka kumi na mmoja. Tuliishi nyumba moja, tukisemezana kuhusu chai, mvua na mlango uliobaki wazi. Kila Aprili nilipanda ngomeni nikapiga matawi, mashina, maua yaliyoangukia maji ya handaki linaloizunguka ngome. Mtu sikumpiga picha tena.

Kisha mama akaugua, akawa wa kulala. Mchana mmoja wa Machi nilikuwa namkanda miguu. Akasema, macho yakiwa darini, kwamba asubuhi ile, kabla hatujatoka nyumbani, Kinuko alimnong'oneza kuwa ana mimba.

"Nilijua," alisema. "Na uliponitoa pale, Toshie, nilifurahi. Miguu yangu ilikwenda yenyewe. Niliogopa kufa."

Niliendelea kukanda. Hasira ilinipanda, nakiri. Miaka yote hiyo nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa ananikimbia. Kisha nikaiona ile miguu mikononi mwangu, imekonda, ngozi imelegea, na nikamhurumia.

"Mama, hayo ni mambo ya kale tu," nikasema. "Picha haiui mtu."

"Mbona basi hujampiga picha mtu mwingine?"

Nikamwambia watu wana usumbufu, hawatulii. Akasema ni kweli, hawatulii. Akaomba nimgeuze alalie upande wa pili, nikamgeuza.