Nozeli ya Tatu

1.

TANGAZO KWA WANACHAMA WOTE

Ndugu Lusekelo Mwangosi, dereva wa pikapu ya maziwa, amesimamishwa kazi kwa kosa la kuuza petroli ya ushirika na kujazia mafuta ya taa, hivyo kusababisha gari kuzimika mlimani na maziwa kuganda.

Ambilikile Mwaijande, Katibu


2.

Katibu aliliandika mwenyewe, akalibandika mwenyewe kwenye mlango wa kituo.

Hakuna aliyeyaona hayo mafuta ya taa. Hakuna aliyeyanusa. Ila maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yameganda kwa mara ya pili, watu wamefura, na kiongozi mwenye watu waliofura mbele yake hutafuta haraka wa kuwapa.

Akawapa Lusekelo.

Alidai funguo za gari, kisha akamwamuru ageuze mifuko ya suruali. Mbele ya foleni. Atupele, mke wa Lusekelo, alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo, ndoo mkononi. Kilichodondoka ni leso na kipande cha muhogo wa kuchoma.

"Katibu, nilikwambia tangu wiki jana," Lusekelo alisema, sauti haikupanda. "Gari linamisi. Likiwa baridi halina neno. Likishapata moto, likianza mlima, linatetemeka na kuishiwa nguvu."

"Mwizi hakosi la kusema."

Hayo ni maneno ya Ambilikile. Aliyatamka kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa foleni, na watu wakacheka, naye akafurahi walivyocheka.


3. (kwenye foleni)

— Mimi nilijua. Mshahara ule unaezeka bati?

— Bati alinunua shemeji yake.

— Ndivyo wanavyosema.

— Punguza sauti. Mkewe yuko nyuma yako.


4.

Tangi likamwagwa lote. Ikatiwa petroli safi. Ambilikile akashika usukani mwenyewe, ili kila mtu aone.

Mlima ule ule.

Kona ile ile.

Gari likatetemeka kama mgonjwa wa homa, likazimika.

Alibaki ameshika usukani. Wewe unayesoma, kama umewahi kumtukana mtu halafu ukaanza kuhisi kwamba huenda


5.

Gari lilivutwa hadi Tukuyu, kwa fundi Sekela Kyomo, mama mnene, mcheshi, anayejulikana kwa magari ya petroli. Aliwasha injini, akaiacha ipate moto. Akaweka ncha ya bisibisi juu ya kila nozeli, mpini sikioni.

"Nozeli ndiyo inayopulizia mafuta ndani ya injini," alimweleza Ambilikile. "Umeme ukifika, inafunguka. Unaisikia inagonga. Njoo usikilize."

Ya kwanza: tik tik tik.

Ya pili: tik tik tik.

Ya nne: tik tik tik.

Ya tatu:


"Basi nozeli imekufa," alisema Ambilikile. Alitamani iwe imekufa. Nozeli iliyokufa huenda iliuawa na mafuta machafu.

"Usiizike bado." Sekela alizima injini, akahamisha nozeli ya tatu kwenye nafasi ya pili, na ya pili akaileta kwenye nafasi ya tatu. Akawasha tena. Iliyohamishwa ikagonga vizuri. Kimya kikabaki pale pale, kwenye nafasi ya tatu.

"Ingekuwa mbovu, ubovu ungehama nayo. Hapa umeme haufiki."

Akachomeka kitaa cha kupimia kwenye soketi ya waya. Kikapepesa. Akautikisa waya kwa kidole. Kikazimika. Akautikisa tena, kikapepesa. Akabandua utepe na kuufuata waya nyuma ya injini, mpaka mahali ulipokuwa ukisugua pembe ya chuma. Ganda lilikuwa limechubuka kidogo tu. Ndani, shaba ilikuwa ya kijani, imekatika, ncha zikigusana na kuachana kila injini ilipotikisika.

"Dereva wenu hakuwaambia kitu?"

"Aliniambia."

"Alisemaje?"

Ambilikile akarudia yote: baridi, moto, mlima, kutetemeka. Aliyasikia maneno yale kinywani mwake mwenyewe.

"Huyo ni dereva," Sekela alisema, akikata kipande kibovu ili alehemu kipya. "Yuko wapi leo?"

"Yupo. Ila


6.

TANGAZO

Wanachama wanajulishwa kuwa hitilafu ndogo ya umeme kwenye gari la maziwa imerekebishwa. Huduma inaendelea kama kawaida.

Katibu


7.

Atupele alilisoma akiwa amesimama. Kisha akamgeukia Katibu, watu wote wakisikia.

"Baba, la kwanza lilikuwa na jina la mume wangu. Hili mbona halina?"

Hakumtukana. Angemtukana, Ambilikile angepata pa kujishika.

Alifikiria kusema alisahau. Alifikiria kusema ataongeza kwa kalamu. Akabandua matangazo yote mawili.

"Kamwite," alisema. "Tafadhali. Foleni isiondoke."


8.

Lusekelo alikuja na tope la shambani miguuni. Ambilikile akasimama pale ambapo wote wangemwona.

"Huyu hakuiba. Alinieleza ugonjwa wa gari, nikakataa kumsikia. Ni waya uliokatika kwa kusugua chuma. Nilimvunjia heshima mbele yenu kwa sababu niliwaogopa ninyi. Lusekelo, nimekukosea. Mama Atupele, nimekukosea."

Hakuna aliyecheka. Baadhi walitazama ndoo zao, maana siku ile wao ndio waliocheka.

Ambilikile akanyoosha mkono wenye funguo.

Lusekelo akauangalia mkono ule, asizipokee funguo.

"Waya mmeuhamisha usiguse chuma?"

"Fundi ameufunga mbali."

"Vizuri. Ungekatika tena."

Akapokea ndoo tupu kutoka kwa mkewe, wakashika njia ya nyumbani pamoja, bila haraka.

Foleni ikangoja. Maziwa yalikuwa bado vuguvugu, na mkono wa Katibu bado umenyooka.