Mkia wa Jiwe

Kofi la kwanza lilimpata Shiundu mswaki ungali mdomoni. La pili halikuwa kofi, lilikuwa nondo. Mashine ya kuchomelea vyuma ya fundi Kweyu, iliyoibwa juzi karakanani, ilikuwa imekutwa mlangoni pa Shiundu imefunikwa gunia, na ploti yetu ya vyumba vya kupanga huku Njiru haina subira ya polisi. Kabla chai haijachemka, tairi lilikuwa limeshaletwa.

"Huyu msee tunamchoma leo," mtu akasema. Mimi nilikuwa pale na ndoo yangu, nikaendelea kukinga maji.

Aliyemtetea ni dada yake, Muhonja. Huyu tulizoea kumtania: analipwa na chuo cha ng'ambo kutazama picha za setilaiti za barafu iliyoyeyuka zamani za kale. Aliwahi kunieleza. Karibu Kanada nzima ilikuwa imefunikwa na barafu iliyomeza hata milima, na ndani ya barafu hiyo mikondo fulani ilikwenda mbio kuliko sehemu nyingine. Ilipoyeyuka, iliacha nchi imechorwa mistari mirefu, na nyuma ya kila mwamba mgumu mkia wa udongo ulioelekea kule barafu ilikokuwa ikienda.

"Lakini Mama Triza," aliniambia, "mkondo wa mwisho hufuta alama za ule wa kwanza. Usifunge ramani kabla hujatafuta mahali ambapo wa mwisho haukugusa."

Nilimwambia atafute kwanza barafu ndani ya friji yangu, maana haigandishi kitu.

Asubuhi ile alijipenyeza katikati ya watu, akasimama mbele ya kaka yake. "Mzee Kweyu, tazama chini kwanza. Halafu umuue ukitaka."

Udongo wetu ni mweusi, mvua ikinyesha unanata kama ugali mbichi, na mashine ile haina magurudumu. Michirizi ilikuwa imetanda kutoka mlangoni pa Shiundu hadi kwa Gichuru, fundi viatu wa chumba cha mwisho.

"Kila kijiwe kina mkia wa tope," Muhonja akasema, "na mikia yote inaelekea kwetu. Mashine imetoka kwa Gichuru ikaletwa hapa. Nani huiba kitu akakificha kwa jirani, halafu akakivuta mwenyewe hadi mlangoni pake, kila mtu akione?"

Kweyu alichuchumaa, akapapasa kijiwe kimoja, kisha kingine. Ni fundi, alielewa haraka. Akainuka na nondo yake. "Ni ukweli. Imetoka kwa Gichuru."

Tairi likahama mlango.

Gichuru walimtoa kwa kumvuta shati. Jiwe la kwanza lilimvunja meno. Mkewe, Mukami, alimlalia mumewe juu, wakamng'oa kwa nywele. Muhonja alimng'ang'ania Kweyu mkono, akipiga kelele kwamba mistari inaonyesha njia tu, haimtaji aliyevuta, lakini darasa lilikuwa limekwisha na kiwiko kikampata kifuani. Nilimsikia Gichuru akisema na damu mdomoni: "Nimeikuta nyuma ya nyumba. Nimeirudisha ilikotoka." Wakampiga mpaka akanyamaza. Polisi walikuja wakafyatua risasi hewani, petroli ikamwagika bure, wakapakia maiti wakaenda. Kweyu na vijana wake waliotawanyika wakarudi mmoja mmoja, nondo zao mikononi.

Mukami alikuwa ameketi kizingitini pake. Mbele yake palikuwa na kipande cha bati alichotandika jana usiku aliporudi kutoka kanisani, asikanyage tope. Muhonja alikitazama kile kipande, nami nikakumbuka maneno yake kuhusu mahali ambapo mkondo wa mwisho haukugusa. Alipiga magoti, akakiinua.

Chini yake tope lilikuwa halijakanyagwa. Mistari ilikuwepo, safi, na vijiwe vyenye mikia. Mikia ilielekea kwa Gichuru. Jana jioni Kweyu alitangaza kwamba atapekua vyumba vyote kuanzia upande wa kina Shiundu. Mashine ilikuwa imehamishwa kwanza kutoka kwao. Gichuru aliamka, akaifuata michirizi, akairudisha.

Muhonja alimtazama kaka yake. Shiundu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa kichwani. Akageuka, akaingia ndani, akafunga.

"Wewe ndiye unajua kusoma," Mukami akamwambia, sauti chini. "Nisomee hii."

Kweyu alisikia, akaanza kusogea. Muhonja alikuwa na pumzi chache tu za kuamua. Akaweka kiganja kwenye tope, akakivuta kuelekea kwake, mgongo ukiwa upande wa mlango wa kaka yake, mpaka mistari ikapotea.

"Haisomeki," akasema.

Nilimchukia, nami nina kaka. Kweyu alichungulia, akaona tope tupu, akaenda zake kuchukua mashine yake.

Mukami hakuondoka. Somo la asubuhi alikuwa amelisikia lote, kila neno, akiwa ndani ya nyumba yake. Aliinama juu ya michirizi mitano ya vidole vya Muhonja, akagusa kijiwe kimoja kilichokwama katikati, akautafuta mkia wake. Kisha akainua macho, akaufuata taratibu mpaka mlango wa Shiundu uliofungwa.