Watu Sita wa Kukodi

Hasira za Nkirote zilianza pale yule mzee wa kofia ya hoki alipotafuna biskuti ya bure na kusema kwamba marehemu alijitakia mwenyewe.

Nkirote alikuwa chumba cha pili, macho kwenye runinga iliyoonyesha kikao, ameshika kiti kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Nyuma ya ukuta walikaa watu sita ambao wakili wake, Shamez, alikuwa amewakodi kwa siku moja. Watu wa kawaida tu wa Toronto, wa kila rangi, mfano wa jopo la raia litakaloamua kesi mahakamani. Hawakuambiwa ni upande gani umewaita. Walisomewa maneno ya pande zote mbili, wakaachwa wabishane, ili wakili asikilize na kujua kesi yake inavuja wapi.

Na kesi yenyewe ilikuwa hii. Gitonga, mume wa Nkirote, alitolewa mawe ya nyongo kwenye kliniki moja mjini, akarudishwa nyumbani Malvern siku hiyohiyo. Kesho yake nesi akapiga simu kumjulia hali. Kabla wiki haijaisha tumbo lilikuwa limeharibika kwa ndani na Gitonga amekufa. Sasa kliniki ilikuwa tayari kulipa ili yaishe kimyakimya, mradi Nkirote atie sahihi ya kufunga mdomo maisha yake yote. Yeye alitaka waje mbele ya watu, waseme kwa vinywa vyao kwamba mgonjwa aliwaambia nao wakampuuza. Lakini Shamez alikuwa amemwonya mapema: hawa sita wakiikataa kesi, asimtegemee kwenda nayo mbele ya jopo.

Msimamizi wa kikao, dada mmoja mpole aliyeitwa Michelle, aliwachezea simu iliyorekodiwa. Sauti ya Gitonga ikajaa chumbani, kwa Kiingereza, adabu tupu. Hajambo, yuko salama kabisa, anamshukuru Mungu. Je, dada nesi naye anaendeleaje na kazi? Nesi akafurahi, vizuri sana, hongera. Hapo ndipo Gitonga alipoanza kusema. Ni tumbo tu kidogo, limevimba. Na homa, usiku alitetemeka. Nesi, ambaye alishaandika jibu la kwanza, kwamba mgonjwa ni salama, akamwambia anywe maji mengi, akakata simu.

"Si kasema yuko salama?" mzee wa kofia alisema. "Kama unaumwa, sema unaumwa. Hapa ni Kanada."

Wenzake wakaafiki kwa vichwa. Kijana mmoja akasema hata yeye angeandika hivyohivyo.

Nkirote alijikaza. Tegemeo lake lilikuwa mama mmoja pembeni, Zebunissa, aliyevaa sweta ya kijani. Asubuhi, walipojitambulisha, mama huyo alisema anaishi Mississauga lakini alizaliwa na kukulia Kisumu. Nkirote akapumua. Huyu ni wetu, Mkenya mwenzangu, akajiambia, huyu anajua kwamba hakuna mtu kwetu anayepokea salamu kwa kumwaga magonjwa yake. Unasema nzuri kwanza. Ukiulizwa mara ya pili ndiyo unafungua moyo, tena kidogokidogo. Mtoto wa shule anajua hilo!

Michelle akamuuliza Zebunissa maoni yake.

"Nakubaliana nao," mama akasema, akitazama mikono yake. "Alisema yuko salama. Nesi angepiga ramli?"

Basi. Damu ilimpanda Nkirote kichwani. Wengine walikuwa wajinga, na mjinga unaweza kumsamehe. Huyu alijua, akajifanya hajui, na Nkirote alimchukia kwa moyo wake wote. Shamez, aliyekaa kando yake, alimshika mkono, akamponyoka. Alifungua mlango wa wale watu kwa nguvu hadi biskuti zikaruka mezani.

"Samahani, huruhusiwi humu," Michelle alisema.

Nkirote hakumtazama. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mama, akatoa mkono, na sijui aliitoa wapi sauti ile ya upole.

"Mama, habari yako?"

"Nzuri, nzuri sana, mwanangu," Zebunissa akajibu, mkono ushatoka wenyewe. "Wewe je?"

"Nzuri. Na watu wa nyumbani?"

"Wote wazima, tunashukuru."

"Na wewe mwenyewe, mwili?"

"Ah, mzima. Goti tu kidogo."

"Kidogo vipi, mama?"

"Mwanangu, silali. Ngazi siwezi tena, naoga nimekaa..." Uso ulimshuka.

Nkirote akawageukia wale wengine, akawatafsiria kila neno kwa Kiingereza, akipiga meza. "Mngeandika nini? Nzuri sana? Hongera? Yule kwenye simu ni mume wangu! Alimwambia nesi, akamwambia kila kitu, kama huyu mama alivyoniambia mimi, ila mimi nimesubiri amalize!"

Kisha akamrudia Zebunissa kwa Kiswahili. "Na wewe ulijua. Kwa nini?"

"Hawa hawangenielewa," mama alisema polepole. "Miaka yote huku nimezoea kusema wanachosema. Ni rahisi." Akainua mkono, akamwambia Michelle kwa Kiingereza: "Niandike upande wa yule marehemu."

"Bado alisema yuko salama," mzee wa kofia akanung'unika. Hakuna mwingine aliyeinua mkono.

Shamez alimvuta Nkirote hadi kwenye korido, amekasirika mpaka masikio yamekuwa mekundu. "Dada, what was that? Umeharibu kikao chote! Sasa wanajua ni nani ametuita. Tena umepata kura moja. One! Mahakamani nahitaji watano kati ya sita. Ile karatasi ya kliniki iko ofisini kwangu, tuimalize tu, please."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Sisemi hivyo. Nasema utashindwa."

"Shamez, ulipoisikia ile simu mara ya kwanza, wewe mwenyewe ulifikiri nini? Niambie ukweli."

Wakili alitazama sakafu. Mama yake ni wa Mwanza, na Kiswahili alikijua cha jikoni.

"Nilifikiri alikuwa sawa," akasema.

"Na leo?"

"Leo ndiyo nimemsikia," akakiri.

"Basi nina wawili," Nkirote alisema, "na sijaanza hata kuapishwa. Ichane ile karatasi. Nikishindwa, nitashindwa mdomo wazi, na yule nesi atakuwa amekaa mbele yangu akiisikiliza ile simu mpaka mwisho."

Akachukua koti lake, akashuka.