Nyasi Ukingoni mwa Kaburi la Baba

Kwetu Butiama uwanja wenye nyasi ni wa mvivu. Unapalilia, unafagia, udongo unabaki mtupu, ndiyo heshima, na nyoka hana pa kujificha. Kaburi la baba tulilifagia hivyohivyo miaka minne. Kila masika korongo lililochimbwa na maji lilisogea, mpaka zikabaki hatua sita kulifikia kaburi.

Nilipomaliza darasa la saba nilikuwaga nachunga ng'ombe na baba. Kuna nyasi za mlimani alizonionyesha, ng'ombe wanazikimbilia kabla ya zingine. Pale zilipoota, maji hayachimbi udongo. Mvua zilizopita nikang'oa mafungu ishirini na udongo wake, nikayapanda kati ya kaburi na korongo.

"Boke anamfugia baba yake nyoka," wakasema kisimani.

Kiangazi nyasi zikawa rangi ya kutu. Kaka yangu Mseti akaja kutoka Nyasho, Musoma, maana kesho yake padre alikuwa anakuja kwa misa ya kumbukumbu. Akashika jembe.

"Kaka, subiri."

"Nisubiri nini? Padre akute pori? Zimekufa hizi."

"Zimelala tu."

"Basi zipelekee chai!"

Mama hakucheka. "Boke mwanangu, watu watasema hatukumpenda."

Sikubishana. Nikachuma mbegu moja, ina ncha kali yenye vinyweleo na mkia mweusi uliosokotwa kama kamba, nikamwekea Mseti kiganjani. Nikaitemea mate kidogo. Tukakaa tunaitazama. Mkia ukaanza kuzunguka polepole.

"Mama yangu!" Akakung'uta mkono. "Kina roho hiki?"

"Ikilowa inajizungusha hivyo mpaka iingie ardhini. Haisubiri jembe lako."

Nikapanua fungu moja hadi chini. Juu majani makavu, lakini kwenye shina, pale yalipokuwa bapa kama yamepigwa pasi, palikuwa na kijani. Mseti akalishika kwa mikono miwili, akavuta. Akaangukia makalio, fungu liko palepale, limeshikwa na mizizi myembamba kama nywele, mingi sana.

Ndipo mama akacheka. Mseti akaegesha jembe ukutani. "Padre nitamwambia mimi."

Padre alisali amesimama ndani ya nyasi zile. Kanzu yake ilijaa mbegu, mama akazichomoa moja moja akimwomba radhi.

Mvua ya Novemba ilinyesha siku tatu. Ng'ambo ya korongo, mihogo ya jirani yetu Keraryo ilikwenda na maji. Kulipopambazuka nilikwenda pekupeku kupima hatua kutoka kaburini hadi korongoni. Majani mapya yalikuwa yametoka katikati ya yale ya kutu.

Mseti akapiga simu. "Hatua ngapi?"

"Sita, kaka."

"Asante, mdogo wangu."

"Asante wewe. Jembe ulilitua mwenyewe."

Mama alikuwa anafagia. Alifika kwenye nyasi, akainua ufagio, akasimama kidogo. Kisha akarudi nyumbani bila kuzigusa, na mimi nikamshukuru Mungu, na baba, aliyenionyesha nyasi wanazozipenda ng'ombe.